Barabara ya Kulipia: Tuusome Mkataba Kwanza



Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, yaani barabara ambayo mtu huilipia ili apite upesi. Huenda wengine mnashangaa kwamba Tume ya Haki na Amani inajishughulisha na lami. Lakini palipo na ada pana anayelipa, pana anayepokea, na pana anayebaki kando. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Barabara ya juu ya Nairobi, itokayo Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa rasmi Julai 2022. Kampuni ya Kichina iliyoijenga ilipewa haki ya kuiendesha kwa miaka 27, ili irudishe fedha zake kwa ada za wasafiri. Faida yake hatuikani. Aliyekuwa akikwama saa mbili akienda uwanja wa ndege sasa hufika mapema. Hata hivyo, bodaboda na tuktuk haziruhusiwi kupanda juu, na mfanyakazi wa Mukuru aendaye kazini kwa miguu hupita chini, kandokando ya nguzo.

Wengi husema kwamba ada hiyo iliwekwa ili kupunguza msongamano. Si hivyo. Hutozwa kwa umbali na aina ya gari, wala haitazami saa. Hadi mwisho wa 2023 gari dogo lililotoka mwanzo hadi mwisho lililipa shilingi 360. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 likatozwa 500. Sababu iliyotolewa ni kushuka kwa thamani ya shilingi mbele ya dola. Kwa hiyo hasara ya sarafu haikumwangukia mwekezaji, ilimwangukia msafiri.

Ili tuone jinsi ada ya kupunguza msongamano inavyofanya kazi, hatuna budi kutazama mbali kidogo, katika jimbo la California, Marekani. Tarehe 27 Desemba 1995, katikati ya barabara nambari 91 ya Orange County, zilifunguliwa njia nne za kulipia, urefu wa kilomita 16 hivi. Bei yake hupanda saa za watu wengi na kushuka saa za watu wachache, ili asiye na haraka angoje. Mwanzoni gari lenye abiria watatu au zaidi lilipita bure. Mpango huo ulikuwa na busara ndani yake: aliyewabeba wenzake alipata thawabu.

Ila mkataba ulikuwa na kifungu kimoja ambacho wananchi hawakukitambua mapema. Serikali ya jimbo ilizuiwa kupanua njia za bure zilizo kando. Maana yake, ndugu zangu, ni kwamba foleni ya asiyelipa ilikuwa mtaji wa kampuni. Foleni ikipungua, wateja nao wangepungua. Serikali ilipotaka kuongeza njia, mzozo ukafika mahakamani. Mwaka 2003 mamlaka ya usafiri ya wilaya hiyo ilizinunua njia hizo kwa dola milioni 207.5, na kifungu kile kikaondolewa. Kosa la maneno machache liligharimu kiasi hicho.

Tunayasema haya kwa sababu Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, nayo itakuwa ya kulipia. Barabara hii si ya juu. Ni njia ileile ambayo wakulima wa Kinangop na Molo hupitishia viazi na kabichi, na ambayo matatu hutumia kila siku. Nauli ikiongezeka, mama wa sokoni atailipa ada hiyo ingawa hana gari.

Basi katika mikutano ya wananchi msitosheke na picha nzuri za ramani. Ulizeni njia isiyolipiwa itapita wapi, na kama itatunzwa. Ulizeni kama mkataba unaifunga serikali isiiboreshe. Ulizeni pia, shilingi ikipata nguvu, ada itashuka kama ilivyopanda? Majibu yaandikwe, na katibu wa kila parokia atuletee nakala kabla ya mkutano wetu ujao.