Nani Huua Ndama? Habari za Ndigana Kali

Leo tutazungumza habari za utafiti. Neno hili ni kubwa, lakini maana yake ni nyepesi: kuuliza swali, kujaribu, kutazama kwa makini, na kuandika uliyoyaona. Tutaona jinsi utafiti ulivyomgundua adui mmoja wa ng'ombe wetu.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: kupe, tezi, homa, josho, chanjo. Wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti.

Basi tuanze. Wilaya ya Rungwe ina mvua nyingi na udongo mzuri. Wataalamu wa miamba wametueleza asili ya udongo huo: ni majivu na mawe yaliyotupwa na milima ya moto, yaani Rungwe, Kyejo na Ngozi. Kyejo ulimwaga mawe ya moto kwa mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Kwa sababu ya udongo huo na mvua hiyo, migomba hustawi, chai hustawi, na majani ya ng'ombe hayakosekani. Lakini kumbukeni jambo moja. Kupe naye hupenda majani mabichi na unyevu. Panapomfaa ng'ombe, mara nyingi humfaa kupe vilevile.

Kila mfugaji aujua ugonjwa wa ndigana kali. Ndama alikuwa akicheza. Leo hataki kunyonya. Ukimpapasa chini ya sikio, waona tezi imevimba. Baadaye tezi ya mbele ya bega huvimba pia. Homa hupanda. Mwishowe mnyama hupumua kwa shida, na povu humtoka puani. Wengi hufa katika majuma mawili au matatu tangu waugue. Wazee walijua ugonjwa huu tangu zamani, na ng'ombe wetu wa asili waliuzoea kidogo: ndama wengine walikufa, na waliopona hawakuugua tena. Lakini ng'ombe wa maziwa wa kigeni, na machotara wao, hawana mazoea hayo. Ndigana ikiingia katika zizi lao, ni msiba.

Je, ugonjwa huu huletwa na nini? Watu walisema mengi: maji mabaya, majani mabaya, hata jicho baya la jirani. Wataalamu nao hawakujua mara moja. Mwaka 1897 na 1898 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alikuwa Dar es Salaam. Alitazama damu ya ng'ombe kwa darubini, akaona vijidudu vidogo sana. Alidhani ni vijidudu vya ugonjwa mwingine, ule wa mkojo damu. Mtaalamu mkubwa, lakini hapo alikosea.

Kisha, mwaka 1901, ng'ombe kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki walisafirishwa kwa meli mpaka bandari ya Beira, huko Msumbiji. Ndigana ilisafiri pamoja nao. Huko kusini ng'ombe hawakuwa wameuzoea, wakafa kwa maelfu. Ndipo wataalamu walipolishika swali kwa nguvu.

Walijaribu hivi. Walichukua damu ya ng'ombe mgonjwa, wakamdunga ng'ombe mzima. Kwa kawaida hakuugua. Basi wakajua kwamba damu peke yake haitoshi. Lazima pawepo mchukuzi. Mtaalamu mmoja wa wadudu huko Afrika Kusini, Charles Lounsbury, alikusanya kupe wa namna mbalimbali. Aliwaweka juu ya ng'ombe wagonjwa wanyonye damu, akawatunza mpaka wakakua, kisha akawaweka juu ya ng'ombe wazima. Mwaka 1904 alionyesha kwamba mchukuzi ni kupe wa kahawia, yule apendaye kukaa masikioni. Mwaka huo huo Arnold Theiler alithibitisha kwamba ndigana kali ni ugonjwa wa peke yake, si mkojo damu.

Tazameni sasa maisha ya kupe huyu. Akitoka yaini ana miguu sita, ni mdogo kama punje ya mchanga, na hana ugonjwa. Hunyonya damu mara moja, huanguka chini, hujivua ngozi, akapata miguu minane. Hupanda mnyama mwingine, hunyonya, huanguka tena, akawa kupe mzima. Hupanda mara ya tatu. Akinyonya kwa mgonjwa katika hatua moja, humwambukiza ng'ombe mwingine katika hatua ifuatayo.

Na hapa pana jambo la kutufaa sana. Kupe akishauma, vijidudu vilivyo ndani yake haviwi tayari mara moja. Kwa kawaida huhitaji siku tatu au nne za kunyonya ndipo vikomae na kuingia mwilini mwa ng'ombe. Maana yake, mkitazama masikio kila siku na kuogesha kwa siku zilizopangwa, kupe wengi hufa kabla hawajafanya kazi yao mbaya. Mwenye kuruka josho juma moja amempa kupe nafasi aliyoitaka. Na msiseme, "Ng'ombe wangu hatoki bandani." Je, majani unayomkatia yatoka wapi? Kupe huja ndani ya mzigo wa majani.

Sasa tuje kwenye chanjo. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki kule Muguga, karibu na Nairobi, walipata njia. Humdunga ng'ombe vijidudu hai vya ndigana, vilivyotolewa ndani ya kupe. Wakati huo huo humdunga dawa inayozuia vijidudu visizidi upesi. Mwili hupata nafasi ya kumjua adui na kujifunza kupigana naye. Ng'ombe hupata kinga ya miaka mingi, mara nyingi ya maisha yake yote. Chanjo hiyo imekuwa ikitengenezwa Lilongwe, kwa jirani zetu wa Malawi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia.

Mtauliza, "Mbona basi ndama wetu wangali wanakufa?" Swali zuri. Chanjo hii ina vijidudu hai, kwa hiyo hutunzwa katika chombo chenye baridi kali mno, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tena mrija mmoja hutosha ng'ombe 30 au 40. Ukifunguliwa, lazima utumike siku ile ile, katika muda wa saa chache. Mmasai mwenye kundi kubwa huumaliza peke yake. Lakini mfugaji wa Rungwe ana ng'ombe mmoja au wawili. Nani atamfungulia mrija wa ng'ombe 40?

Hapa, ndugu zangu, kazi ya mtaalamu imekoma, na kazi yetu imeanza. Ng'ombe wawili wawili wa nyumba 20 ni ng'ombe 40. Mkijiandikisha pamoja na kupanga siku moja, mtampa Bwana Mifugo sababu ya kuja na chombo chake. Ninyi mnaosoma hapa mmekwisha kujua kuandika majina na tarakimu. Ng'ombe mmoja wa maziwa ni ada ya shule, ni mbolea ya migomba, ni kikombe cha mtoto. Kalamu yaweza kumwokoa.

Lakini angalieni. Chanjo hii si ya kujidungia nyumbani. Ni kazi ya mtaalamu. Wala haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na moyo maji. Kwa hiyo msiache josho. Na mnyama akipata homa na tezi ikavimba, msingoje. Dawa za kutibu ndigana kali zimekuwapo tangu miaka ya 1980, lakini humfaa yule aliyewahiwa.

Kazi ya darasa ni hii. Kila mmoja aandike katika daftari: jina la mwenye ng'ombe, idadi ya ng'ombe na ndama, na tarehe waliyoogeshwa mara ya mwisho. Kisha mjumlishe hesabu ya darasa zima, na mmoja wenu aipeleke kwa Bwana Mifugo.

Maswali ya kuzungumza: Kwa nini damu peke yake haikuleta ugonjwa? Kupe huambukiza baada ya siku ngapi? Darasa letu lina ng'ombe wangapi, na wanapungua wangapi kufikia 40?