Shahidi Asiyeapishwa

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tumzungumzie shahidi mmoja ambaye hakuwahi kupanda kizimbani, hakushika Biblia wala Kurani, wala hakubanwa maswali kama wanavyobanwa mashahidi wengine, na bado kwa ushahidi wake mamia ya watu wazima na akili zao walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Shahidi huyo ni kompyuta. Nchi yenyewe ni Uingereza, ile ile iliyotuletea majaji wenye mawigi.

Kwanza niwaeleze mambo yalivyo huko. Ofisi nyingi za posta Uingereza haziendeshwi na watumishi wa Posta wenyewe. Huendeshwa na mawakala. Mtu ana duka lake kijijini, anauza mkate, maziwa na magazeti, na pembeni amefungua dirisha la posta. Hapo wazee huchukua pensheni, watu hulipa ankara na kununua stempu. Wakala wa namna hiyo ni mtu wa heshima katika kijiji. Lakini mkataba wake ulikuwa na kifungu kichungu: hesabu ikipungua kwa uzembe au kosa lake, atalipa kutoka mfukoni mwake. Posta ikakisoma kifungu hicho kana kwamba maneno "uzembe" na "kosa" yameliwa na panya. Pungufu ni pungufu, lipa.

Mwaka 1999 Posta ilianza kuwafungia mawakala hao mtambo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Uliundwa na ICL, kampuni ya Uingereza iliyokuwa mikononi mwa Fujitsu ya Japani. Horizon maana yake ni upeo wa macho, yaani pale ambapo mbingu na ardhi huonekana zimekutana. Sote tunajua kwamba hazikutani. Nadhani waliochagua jina hilo walisema kweli kuliko walivyokusudia.

Mtambo ukaanza kazi, na shoti zikaanza kuonekana. Jioni wakala anafunga hesabu. Fedha zilizo mezani ni hizi, mtambo unadai ziwe zaidi. Anahesabu tena, mke anahesabu, mtoto aliyemaliza shule anahesabu. Fedha ni zile zile. Anapiga simu makao makuu kuomba msaada, na wengi wameeleza kwamba jibu lilikuwa moja: tatizo hili ni lako peke yako, wengine wote hawalalamiki. Basi mtu anaweka simu chini akiamini kwamba katika nchi nzima mjinga ni yeye.

Nitatoa mfano mmoja, maana mtu akisema "hitilafu ya mtambo" inaonekana kama uchawi. Huko Scotland kuna mji mdogo uitwao Dalmellington. Wakala alikuwa akipokea pauni 8,000 za fedha taslimu. Akabonyeza kitufe kuthibitisha kwamba amezipokea. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya. Kila alipobonyeza, mtambo uliandika kwamba amepokea pauni 8,000 nyingine. Mwisho wake ukajitokeza upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwako duniani, isipokuwa ndani ya mtambo. Hakuna mwizi anayeweza kuiba fedha ambayo haijazaliwa. Lakini mtambo uliweza kuidai.

Sasa wakala huyu afanye nini? Ofisi haiwezi kufunguliwa kesho mpaka hesabu zilingane. Baadhi walitoa akiba zao, wakakopa kwa ndugu, wakauza nyumba. Baadhi waliandika kwamba hesabu iko sawa, wakitumaini kosa litajisahihisha lenyewe. Hao ndio walionaswa vizuri zaidi, kwa sababu kuandika hivyo ni kosa la jinai: hesabu za uongo. Wakaambiwa, kubali kosa hili dogo nasi tutaliacha lile kubwa la wizi. Mtu asiye na wakili mzuri, mwenye watoto, akakubali. Akishakubali, Posta inasema: mnaona, amekiri mwenyewe!

Na nani alikuwa anawashtaki? Hapa ndipo penye kichekesho, kama kucheka kunaruhusiwa. Katika Uingereza na Wales, Posta yenyewe ilikuwa na wapelelezi wake na wanasheria wake, na ilipeleka watu mahakamani bila kupitia polisi. Yeye ndiye mlalamikaji, yeye ndiye mpelelezi, yeye ndiye mwendesha mashtaka, na mtambo ni wake. Kesi ya nyani, tunasema hapa kwetu, hakimu ngedere. Kule hakimu alikuwa mtu halali, ila kila karatasi aliyoisoma ilipitia kwanza mikononi mwa ngedere.

Tena sheria nayo iliwasaidia. Tangu mwaka 1984 sheria ya Uingereza ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta katika kesi ya jinai aoneshe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mwaka 1999 Bunge likakifuta kifungu hicho, na kuanzia mwaka 2000 mahakama zikawa zinachukulia kwamba kompyuta ni nzima mpaka mtu aoneshe kwamba ni mbovu. Fikirini, ndugu zangu. Binadamu huchukuliwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Kompyuta nayo ikapewa heshima hiyo hiyo. Lakini wawili hao wakipingana, mmoja lazima awe na hatia, na mwenye duka hakuwa na namna ya kuufungua mtambo aone ndani kuna nini.

Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa kesi zilizotegemea mtambo huo. Wapatao 700 walishtakiwa na Posta yenyewe. Wengine walifungwa, akiwamo mama mmoja aliyekwenda gerezani akiwa mjamzito. Wengine walifilisika, ndoa zikavunjika, majirani wakawageuzia mgongo, watoto wakatukanwa shuleni kwamba mama yao aliiba pensheni za wazee. Julai 2025 mwenyekiti wa tume ya uchunguzi, Sir Wyn Williams, alisema katika sehemu ya kwanza ya ripoti yake kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mambo haya. Hapo mimi mzaha nauweka kando.

Swali ni moja. Je, wakubwa hawakujua? Tume hiyo hiyo imesema kwamba baadhi ya wafanyakazi wa Fujitsu na wa Posta walijua, au walipaswa kujua, kwamba mtambo una makosa, lakini Posta ikaendelea kushikilia hadithi kwamba takwimu zake ni sahihi wakati wote. Kwa miaka mingi Posta ilisema hakuna mtu awezaye kuingia katika hesabu za wakala kutoka mbali. Ikadhihirika kwamba wahandisi wa Fujitsu waliweza. Maana yake, ndani ya nyumba kulikuwa na mlango wa nyuma, na mwenye nyumba akafungwa kwa kuambiwa kuwa nyumba ina mlango mmoja tu.

Aliyekataa kunyamaza ni Alan Bates, wakala wa Llandudno huko Wales. Posta ilimnyang'anya ofisi mwaka 2003, kwa kuwa alikataa kulipa deni ambalo hakuna aliyeweza kumwonesha limetoka wapi. Mwaka 2009 jarida la Computer Weekly liliandika habari za mawakala saba, na mwaka huo huo Bates akawaita wenzake wakutane katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Kila mmoja aliingia ukumbini akiamini yuko peke yake. Walipotazamana, uongo wa kwanza wa Posta ukafa siku ile ile.

Na wanasiasa? Kumbukeni kwamba Posta hiyo ni mali ya serikali. Mwaka 2010 Bates alimwandikia waziri aliyehusika, Ed Davey. Waziri akamjibu kwamba haoni faida ya kukutana. Baadaye mwaka huo alikubali wakutane, akaelezwa na wataalamu wake kwamba mtambo ni mzima, akaridhika. Miaka mingi baadaye aliomba radhi. Mawaziri wa vyama mbalimbali walipita katika kiti hicho, na kila mmoja aliwauliza Posta kama Posta ina kosa. Ukimwuliza fisi habari za mbuzi aliyepotea, atakujibu kwa adabu nzuri kabisa, huku akijifuta mdomo.

Mwisho Bates na wenzake, jumla 555, walikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2019 Jaji Fraser aliukataa utetezi wa Posta, akaulinganisha na msimamo wa mtu anayeshikilia katika karne hii kwamba dunia ni bapa. Posta ilikuwa imekwisha kukubali kulipa pauni milioni 57.75, lakini sehemu kubwa ikaliwa na gharama za kesi. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa iliwafutia hatia watu 39 kwa mpigo. Mkurugenzi wa Posta wa miaka ya 2012 hadi 2019, Paula Vennells, ambaye pia alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, alikuwa amekwisha kupewa nishani kwa utumishi wake.

Kisha Januari 2024 televisheni ikaonesha mchezo wa kuigiza wa sehemu nne juu ya mkasa huu. Nchi ikalia. Zaidi ya watu milioni moja wakatia saini kutaka nishani irudishwe, na ikarudishwa. Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia za mamia ya watu kwa pamoja. Miaka 20 ya barua, mawakili na machozi haikutosha, usiku minne ya televisheni ikatosha. Siwacheki Waingereza. Nasema tu kwamba serikali haikuamshwa na haki. Iliamshwa na makelele.

Mkubwa wa Fujitsu wa Ulaya aliwaambia wabunge Januari hiyo kwamba kampuni yake ina wajibu wa kimaadili kuchangia fidia. Maneno mazuri. Lakini wajibu wa kimaadili haujai katika kibubu. Kufikia katikati ya 2025 fidia iliyolipwa ilikuwa imepita pauni bilioni moja, nayo ilitoka katika hazina ya serikali. Yaani mwananchi wa Uingereza alilipa kodi ili mtambo ununuliwe, na akalipa tena kufuta machozi ulioyasababisha.

Ndugu wasikilizaji, msije mkasema mimi napinga kompyuta. Fedha zangu nami ziko ndani ya simu, na umeme wangu naununua kwa tarakimu. Kila mtaa wetu una kibanda cha wakala wa fedha za simu, na wakala huyo, kama yule wa Dalmellington, jioni hufunga hesabu mbele ya mashine ambayo hakuiunda wala hawezi kuifungua. Ndiyo maana habari hii ya mbali nimeileta karibu.

Mashine haisemi uongo. Wala haisemi kweli. Inarudia ilichoelekezwa na watu. Uongo unataka mdomo, na katika mkasa huu midomo ilikuwa mingi, tena yenye mishahara mizuri. Basi siku mkubwa atakapokwambia "kompyuta imesema", mwombe kwa heshima akuoneshe hesabu, mstari kwa mstari. Kisha toka nje ukamwulize jirani yako kama naye ameambiwa kwamba yuko peke yake. Swali hilo la pili ndilo waliloliogopa zaidi kule Uingereza.