Namba Tasa Izaayo: 2,147,483,647 na Sitiari katika Istilahi ya Hisabati



Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania hukutana mapema na istilahi tatu: namba shufwa, namba witiri na namba tasa. Mbili za kwanza zina asili ya Kiarabu. Ya tatu ni sitiari, tena nzito, kwani neno hilo likielekezwa kwa mwanamke humjeruhi. Namba huitwa tasa kwa kuwa haina kigawo ila moja na yenyewe, kana kwamba kugawanyika ndiko kuzaa. Mhadhara huu unaipima sitiari hiyo kwa namba moja: 2,147,483,647.

Namba hiyo hupatikana mbili 31 zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa moja. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliiorodhesha miongoni mwa namba tasa. Kuthibitisha kulikuwa kazi nyingine, kwani kulihitaji kuijaribu kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili, yaani hadi 46,340. Leonhard Euler aliifupisha kazi hiyo. Alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hiyo, kama kingekuwapo, kingebakiza 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Vya namba hizo alivijaribu, hakupata hata kimoja. Mwaka 1772 utasa wake ulikuwa umethibitika.

Je, namba hii haizai? Euklide alikwisha kuonyesha njia. Ikizidishwa kwa 1,073,741,824, yaani mbili 30 zilizozidishwa pamoja, huzaa 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamilifu: vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa hurudi kuwa yenyewe, kama 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow alitabiri kwamba hakuna namba kamilifu kubwa zaidi itakayopatikana, kwa kuwa hazina manufaa. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha namba tasa yenye tarakimu 39, na kwayo ikapatikana kamilifu kubwa kuliko ile. Ama manufaa, 2,147,483,647 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayohifadhika katika biti 32 za kompyuta, moja ikiwa ya alama. Mifumo inayohesabu hivyo sekunde tangu mwanzo wa 1970 itafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038.

Sitiari, basi, ni kweli nusu. Katika kugawanya, namba hizi ni tasa; katika kuzidisha, ndizo wazazi, kwani kila namba nzima izidiyo moja ama ni tasa ama ni zao la namba tasa. Nusu ya kwanza hufundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeingia sekondari na kuanza kusoma hisabati kwa Kiingereza huiacha sitiari kabla hajaambiwa ya pili. Istilahi haina kosa. Iliyokatizwa ni maelezo yake, na kuyakamilisha ni wajibu wa wataalamu wa Kiswahili na wa hisabati kwa pamoja.