Mzaha Mzaha Hutumbua Usaha

Hotuba ya kamati ya jumuiya mbele ya wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika, Mella



Kila mwaka katika siku ya kumbukumbu kamati husimama na kutoa hesabu: visima vilivyochimbwa, watoto walioingia shule, na wenzetu tuliowazika. Mwaka huu akina mama wametuomba tuzungumze juu ya jambo lisiloingia katika hesabu. Wametuomba tuzungumze juu ya mzaha. Ombi hilo liliposomwa kikaoni, baadhi yetu tulicheka. Basi na tuanzie hapo hapo kwenye kicheko.

Mama mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alisimama katika kikao chetu akiwa na swali moja. Kwa nini ugawaji wa chakula humalizika saa moja usiku, hali wanawake walio mwisho wa foleni wanarudi gizani, unga kichwani na mtoto mgongoni? Kabla Mwenyekiti hajafungua kinywa, mmoja wetu akasema, "Mama, unaogopa giza, au unaogopa bwana atauliza ulikuwa wapi?" Kikao kizima kikaangua kicheko. Sisi tunaosema nanyi sasa tulicheka pia. Mama akaketi. Tukaenda kwenye ajenda ya mabati. Katika kumbukumbu za kikao kile swali lake halimo, kwa sababu karani naye alikuwa akicheka.

Ugawaji ukaendelea kumalizika usiku kwa miezi miwili mingine, mpaka msichana mmoja alipokimbizwa njiani akatupa unga na ndoo ili aokoe nafsi yake. Hapo ndipo tulipokumbuka swali. Tulipokwenda kwa yule mama kumwomba radhi, alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akasema, "Mimi niliuliza swali, ninyi mkanionyesha meno."

Ndugu zetu, hatukuja kupiga marufuku kicheko. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na mifugo, ukimnyima na kicheko umemmaliza. Tena sisi watu wa Afrika Mashariki tunayo elimu ya zamani juu ya mzaha, nayo inaitwa utani. Kule Tanzania, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo. Mtani huweza kumsema mtani wake mbele ya watu, hata msibani, na mwenye kusemwa hana ruhusa ya kukasirika.

Lakini utani una sheria zake. Kwanza, ni wa pande mbili: ukinirushia nami nakurushia. Pili, una deni: mtani yule yule anayekucheka ndiye anayekuja kushika kazi za maziko siku ya msiba wako. Tatu, una mipaka. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu," na mjukuu humjibu kuwa hataki mume asiye na meno, watu wakacheka, na babu akacheka kuliko wote. Lakini baba mkwe na mkaza mwana hawataniani hata kidogo. Wazee wetu walijua ni nani aweza kumtania nani, na ni nani asithubutu.

Sasa tazameni yanayotendeka kwenye foleni. Kijana aliyeshika orodha ya majina anamwita mama wa watu "mke wangu." Ameazima maneno ya babu, lakini hakuazima deni la babu. Yule mama hawezi kumjibu kuwa hana meno, maana jina lake limo katika karatasi iliyo mkononi mwa kijana. Naye mwanamke anayevusha mahindi au nguo kuukuu pale Busia au Malaba, akiambiwa na mwenye mhuri, "Leo utalipa kwa tabasamu," atatabasamu, kwani mzigo wake umezuiliwa. Kisha tunauliza, "Mbona wao wenyewe hucheka?" Kicheko cha mtu anayehitaji unga si ushahidi kwamba amefurahi.

Kosa letu la kikaoni lina wakubwa wake. Mwaka 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Alikuwa na hoja juu ya miti, juu ya deni la nchi, juu ya mahali pa mwananchi wa kawaida kupumzika. Katika Bunge la Kenya wabunge walimjibu kwa kumcheka, yeye na wenzake wa Green Belt Movement, kwamba ni kundi la wanawake walioachika. Hoja ya miti haikuguswa. Jengo lile halikujengwa, bustani ipo hadi leo, na mwaka 2004 Profesa alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini si kila mwanamke anayechekwa ana nguvu ya kusimama miaka kumi na mitano akingoja kuonekana kuwa alikuwa na haki.

Mwaka 2006, katika Bunge lile lile, Mheshimiwa Njoki Ndung'u alileta mswada wa sheria ya makosa ya kujamiiana. Katika mjadala mbunge mmoja mwanamume alisema kwamba mwanamke wa Kiafrika huweza kusema hapana hali anamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake waliinuka wakatoka nje. Hawakutoka kwa kukosa uvumilivu. Mswada ulikuwa unahusu ubakaji, na neno "hapana" ndilo ngao pekee aliyonayo mtu asiye na silaha. Ukiligeuza neno hilo kuwa kichekesho, umempokonya ngao yake.

Tena tunaambiwa, "Hakumaanisha vibaya." Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Baadaye magazeti yaliripoti kauli ya kiongozi mmoja wa shule, tena mwanamke, kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, walitaka kuwabaka tu. Neno hilo "tu" halikuzaliwa usiku ule. Lilikuwa limelelewa kwa miaka mingi katika mizaha midogo midogo isiyokemewa na mtu, mpaka jambo la kutisha likaonekana kuwa la kawaida.

Na sisi watu wa mpaka huu tusingehitaji kufundishwa haya. Tunakumbuka neno "madoadoa." Katika Bonde la Ufa, tangu machafuko ya miaka ya mwanzo ya 1990, watu waliohesabiwa kuwa wageni waliitwa madoadoa, na wanasiasa walilitumia neno hilo huku watu wakipiga makofi na kucheka. Doa hufuliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mwanzoni mwa 2008 maelfu ya Wakenya walivuka kuingia Uganda kwa njia ya Busia na Malaba, wakiwa na godoro, sufuria na watoto. Wanawake wengi walibakwa katika siku zile. Desemba 2020, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba serikali ilikosa wajibu wake kwa waathiriwa, na wanne kati yao wakapewa fidia ya shilingi milioni nne kila mmoja. Walingoja karibu miaka 13. Mkimbizi, kuliko mtu mwingine yeyote, anajua kwamba jina la dhihaka hutangulia na panga hufuata. Wahenga walikwisha kusema: mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tuseme pia neno la haki kwa wanaume, maana wengi wa wanaosema ovyo si watu waovu. Katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, Tanzania, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi wa miaka ya 1990, ulikuwepo msemo kwamba UNHCR ni mume bora kuliko mume. Msemo huo nao ni mzaha, na unauma. Mwanamume aliyekuwa na shamba lake, aliyekuwa akigawa chakula nyumbani kwake, sasa anangoja mkewe arudi na posho iliyopimwa kwa kopo la mgeni. Amepungua machoni pake mwenyewe. Basi anatafuta mahali pa kuwa mkubwa tena, na mahali rahisi kupatikana ni juu ya kichwa cha mwanamke. Twaelewa. Lakini mzigo wa aibu hautuliki kwa kumtwisha mwingine. Na akina mama nanyi, mkimcheka mwanamume asiye na kazi mbele ya watoto wake, kipimo ni kile kile.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna neno la pekee. Mwaka 2002 ripoti kutoka kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone ilifichua kwamba wapo watoa misaada waliokuwa wakibadilishana chakula na miili ya wasichana. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaokataza kubadilishana fedha, kazi, bidhaa au huduma kwa ngono, na kukataza pia mwenendo wa kudhalilisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 humlenga mwenye mamlaka au mtumishi wa umma anayemsumbua mtu kwa maneno ya ngono akijua hayatakiwi. Hapa Uganda, sheria ya makosa ya jinai huhesabu kuwa kosa hata neno, sauti au ishara iliyokusudiwa kumvunjia mwanamke heshima yake. Mfanyakazi aliyeshika kopo la kupimia akisema, "Nikikuongezea utanipa nini?" huenda kwake ni maneno ya kuchangamsha jua kali. Msichana anayesikia hana njia ya kujua kama ni mzaha au ni bei.

Sasa mpaka uko wapi? Sisi tunaoishi mpakani tunajua kwamba mpaka hauchorwi na mtu mmoja peke yake. Baada ya kusikilizana na akina mama kwa siku tatu, kamati imekubaliana juu ya maswali manne ya kujiuliza kabla ya kutania.

La kwanza: je, huyu aweza kunijibu kwa mzaha kama wangu, asipate hasara yoyote?

La pili: mkononi mwangu nimeshika nini anachokihitaji? Kama ni orodha, kopo, mhuri, ufunguo wa bomba, au alama za mtihani, basi kwanza weka ulimi wako chini.

La tatu: je, ningeyasema haya akiwapo mama mkwe wangu?

La nne: baada ya kicheko, yule niliyemtania yuko wapi? Kama yuko palepale anacheka na kutafuta la kunirudishia, huo ni utani. Kama ameketi, amenyamaza, au ameacha kuja kisimani, hayo yalikuwa matusi yenye nguo ya harusi.

Maswali peke yake hayatoshi, kwa hiyo kamati imejifunga kwa mambo manne. Ugawaji utamalizika saa kumi jioni, na watakaobaki watahudumiwa kwanza asubuhi. Kila swali litakaloulizwa kikaoni litaandikwa kabla mtu yeyote hajasema neno. Kila mwenye zamu katika ugawaji atawaita watu kwa jina lililo katika kadi, au kwa jina la heshima kama mama Fulani na baba Fulani. Na malalamiko yatasikilizwa na watu wawili, mmoja wao mwanamke, mbali na foleni. Hatutamwuliza mlalamikaji kama mwenzake alikuwa na nia mbaya. Tutamwuliza ni kitu gani amekosa tangu siku ile: chakula, maji, usingizi, au amani ya kutembea.

Yule mama wa swali yupo hapa leo, ameketi pamoja nasi. Kikao kilichopita alisimama tena. Safari hii aliuliza juu ya taa ya njia ya kisimani. Palikuwa na kimya kidogo, na tuliona watu wawili watatu wakimeza maneno yaliyokuwa yamefika ulimini. Karani akaandika. Bado taa hatujaipata, lakini swali lake limo katika kitabu, ukurasa wa kwanza, na ndugu zetu wa mashirika mliopo hapa mmelisikia sasa kwa masikio yenu.

Baadaye, kikao kilipofungwa, yule aliyemtania siku ya kwanza alimwendea akamwomba radhi mbele yetu. Mama akamtazama, akasema, "Nimekusamehe, lakini unga wangu uliomwagika siku zile utaubeba wewe mpaka nyumbani, tena kichwani, kama sisi." Sote tulicheka, na aliyecheka zaidi ni yeye bwana mwenyewe. Akaubeba.