Kamera ya fremu kamili: uzito uko kwenye kamera au kwenye lenzi?

Mwaka 1911 kiwanda cha hadubini cha Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, kilimwajiri fundi mmoja kwa jina Oskar Barnack. Bwana huyu alipenda mno kutembea na kupiga picha, lakini alikuwa na pumu. Kamera za zama zile zilikuwa masanduku yaliyotumia sahani za kioo, pamoja na miguu mitatu ya kuyasimamishia, na kifua chake hakikuustahimili mzigo huo njiani. Ndipo akaichukua filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35, akaipitisha kwa ubavu badala ya wima, na kila picha akaipa ukubwa wa milimita 24 kwa 36, yaani mara mbili ya picha moja ya sinema. Kamera yake ya majaribio ilikamilika kati ya mwaka 1913 na 1914. Vita vikachelewesha mambo, na hatimaye mwaka 1925 kamera ya namna hiyo ikaanza kuuzwa kwa jina la Leica.

Kipimo hicho cha milimita 24 kwa 36 ndicho kinachoitwa leo fremu kamili. Pale palipokuwa na filamu sasa pana kihisi, kipande cha kielektroniki kinachopokea mwanga, na kikiwa na ukubwa ule ule aliouchagua Barnack, kamera ya dijitali hupewa sifa hiyo. Ajabu yake ni kwamba kipimo kilichobuniwa na mtu aliyekuwa akiukimbia uzito ndicho kilichokuja kuwalemea wapiga picha mabegani kwa miaka mingi. Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002, mojawapo ya kamera za kwanza kabisa za dijitali kuwa na fremu kamili, ilikuwa na gramu 1,265 kabla ya kutiwa betri, na ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 8,000. Mwaka 2005 ikafuata EOS 5D, gramu 810 bila betri, kwa dola 3,300 hivi. Kisha mwaka 2013 kampuni ya Sony ikatoa A7, ambayo haina kile kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia, na pamoja na betri na kadi yake haikuzidi gramu 474.

Tangu hapo safu ya uzito imekuwa ndefu. Canon EOS R8 ya mwaka 2023 ina gramu 461 ikiwa tayari kwa kazi. Nikon Z9 ya mwaka 2021 ina gramu 1,340, karibu mara tatu. Zote mbili ni fremu kamili, na kihisi cha hii si kikubwa kuliko cha ile. Mnunuzi asimame wapi?

Swali hili huwafika sana Waswahili walio ughaibuni, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoagizwa. Tuseme yuko kaka anayefanya kazi Muscat, na mdogo wake wa kike ni mpiga picha wa harusi Mombasa. Harusi za Pwani zina shughuli za wanawake peke yao, kama vile kupamba, ambako mwanamume haingii na mara nyingi hata simu za wageni hazitakiwi kupiga picha. Mpiga picha mwanamke, kwa hivyo, hapungukiwi na kazi. Lakini husimama saa tano au sita usiku, kamera moja begani na nyingine mkononi, na Jumamosi ikipita Jumapili inamngoja. Anampigia simu nduguye: "Kaka, ukija likizo niletee fremu kamili. Tafadhali iwe nyepesi, bega langu halinisaidii tena." Kaka anakwenda dukani na kuuliza kamera nyepesi kuliko zote. Hapo ndipo anapoweza kukosea, tena kwa nia njema.

Kamera dukani huonyeshwa bila lenzi, na bei na uzito ulioandikwa ni wa mwili wake mtupu. Hakuna apigaye picha na mwili mtupu. Mfano mzuri ni Canon EOS RP ya mwaka 2019, yenye gramu 485 pamoja na betri na kadi. Ukiivisha lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni gramu 160, jumla ni gramu 645, na mtoto wa shule anaweza kuibeba mchana kutwa. Ukiivisha lenzi ya Canon ya milimita hizo hizo 50 lakini yenye tundu la f/1.2, hiyo peke yake ni gramu 950, na jumla inafika 1,435. Huo ni uzito wa EOS-1D X Mark III, lile jitu la mwaka 2020 la wapiga picha wa Olimpiki, likiwa na betri na kadi bila lenzi. Kamera ndogo imekuwa kubwa kwa kubadilishwa lenzi tu.

Turudi kwa dada wa Mombasa, na tuseme studio yake inatumia Nikon. Mpiga picha wa harusi kwa kawaida hubeba miili miwili, ili asibadilishe lenzi katikati ya shughuli. Akichukua Z9 mbili, pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 24 hadi 70 yenye gramu 805 na ile ya 70 hadi 200 yenye gramu 1,360, zote za f/2.8, atabeba gramu 4,845. Karibu kilo tano. Akibadilisha miili akachukua Z6 II mbili za mwaka 2020, kila moja gramu 705, lenzi zikabaki zile zile, mzigo unashuka hadi gramu 3,575. Ameokoa kilo moja na robo, na si haba. Lakini akiziacha pia lenzi za kuvuta, akachukua lenzi mbili za kipimo kimoja, ya milimita 35 yenye gramu 370 na ya milimita 85 yenye gramu 470, zote za f/1.8, jumla nzima ni gramu 2,250. Lenzi zimempunguzia gramu 1,325, zaidi kidogo ya zile alizookoa kwa kubadilisha kamera. Isitoshe, tundu la f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara mbili kuliko la f/2.8, jambo ambalo ukumbini usiku, chini ya taa za rangi, lina thamani yake.

Gharama ya uamuzi huo ni miguu. Lenzi isiyovuta humlazimu mpiga picha asogee mwenyewe, na kwenye jukwaa la bibi harusi, mashangazi wakiwa wamejipanga mbele, kusogea si rahisi kila wakati. Wapo wasioweza kazi bila lenzi ya kuvuta, na hoja yao ni ya haki. Kwao habari njema ni kwamba viwanda vimeanza kuzipunguza uzito lenzi zenyewe. Sony 70 hadi 200 ya f/2.8 ya mwaka 2016 ilikuwa gramu 1,480 bila kishikio chake cha kufungia stendi. Toleo la pili la mwaka 2021 ni gramu 1,045.

Msikilizaji atauliza: ikiwa mwili wa kamera umeweza kupungua kiasi hicho, mbona lenzi hazikufuata? Jibu liko kwenye kipimo cha Barnack. Lenzi ya fremu kamili ni lazima itandaze taswira ya duara itakayofunika mstatili wa milimita 24 kwa 36, ambao kutoka pembe hadi pembe una milimita 43 na ushei. Kuondolewa kwa kioo kulisogeza lenzi karibu na kihisi, kwa Canon kutoka milimita 44 hadi 20, na kwa Nikon kutoka 46.5 hadi 16. Lenzi pana, zile zinazoona ukumbi mzima, zilinufaika. Lakini lenzi ndefu yenye tundu kubwa inahitaji kioo kipana mbele, kwa kuwa tundu la f/2.8 kwenye milimita 200 ni lazima liwe na upana wa zaidi ya milimita 71, na hesabu hiyo haiulizi kamera iliyo nyuma yake ni ndogo au kubwa. Anayetaka wepesi kuliko kitu kingine chochote angefaa kuzitazama pia kamera zenye kihisi kidogo, na wauzaji wengi hawatamwambia hivyo.

Haifai hata hivyo kuiona kamera nzito kama kosa la kiwanda. Uzito wake hununua vitu. Betri ni kimojawapo. EOS-1D X Mark III, kwa kipimo rasmi cha viwanda, hupiga picha 2,850 kwa betri moja kupitia tundu la kuchungulia, ilhali EOS RP hupiga 250. Kwenye kazi halisi zote mbili huzidi hapo, lakini uwiano hubaki, na mwenye kamera ndogo hutembea na betri tatu mfukoni. Kingine ni joto. Mwili mdogo hauna mahali pa kuupeleka moto unaozaliwa ndani yake wakati wa kupiga video ndefu. Canon R5 ilipotoka mwaka 2020, kampuni yenyewe ilitangaza kwamba kwa video ya 8K ingefanya kazi dakika 20 hivi, ikianzia joto la nyuzi 23. Mwenye kufanya kazi nje, Muscat au Dubai, mwezi wa Julai, ajihesabie mwenyewe.

Kisha kuna mizani ya mkononi. Mwili wa gramu 461 ukifungiwa lenzi ya kilo moja na nusu hulala mbele, kifundo cha mkono kikawa kinapigana na lenzi usiku kucha, na mara nyingi kidole cha mwisho hakipati pa kushika. Wengi hununua kipande cha kuongezea chini ya kamera ili washike vizuri, na gramu walizozikimbia zinawarudia kwa mlango wa nyuma. Kwa lenzi ya kuvuta ya f/2.8, mwili wa gramu 650 hadi 750 wenye mshiko wa kina huchosha kidogo kuliko ule mwepesi kabisa, ijapokuwa mizani ya dukani inasema kinyume.

Pako mahali pamoja ambapo mizani haina mjadala, nako ni kwenye viwanja vya ndege ndogo ziendazo mbugani, kama Wilson mjini Nairobi au uwanja wa Arusha. Mashirika mengi ya ndege hizo huweka kikomo cha kilo 15 kwa abiria, mkoba wa mkononi ukihesabiwa humo humo, na hutaka mabegi laini yasiyo na magurudumu. Mpiga picha wa wanyama mwenye lenzi ya Nikon ya milimita 600 yenye tundu la f/4 ameshatumia kilo tatu na robo kabla hajaweka shati. Nikon ilitoa mwaka 2023 lenzi nyingine ya milimita 600, yenye tundu la f/6.3, ambayo ni gramu 1,470 pamoja na kishikio cha stendi. Huingiza mwanga chini ya nusu ya ile kubwa, na alfajiri, simba wanaporejea mawindoni, tofauti hiyo huonekana kwenye picha. Saa tatu asubuhi haionekani tena, na mwenye lenzi nyepesi bado ana nguvu za kuinua mkono pundamilia wanapovuka.

Kwa kaka aliye dukani, basi, la kwanza ni kumpigia dada simu na kumuuliza lenzi anazotumia usiku wa kazi, na zile anazozibeba bila kuzitoa mkobani. Mara nyingi jibu hushangaza: lenzi ya kilo moja imetoka mara mbili tangu Ramadhani. Fedha zikiwa chache, lenzi nzuri mbili nyepesi na mwili wa zamani kidogo, hata uliokwishatumiwa, zitamfaa zaidi kuliko mwili mpya wenye lenzi ya kuazima, kwa sababu miili hupitwa na wakati baada ya miaka michache na lenzi hudumu. Kama studio ina lenzi za zamani za Nikon, zitaingia kwenye miili isiyo na kioo kwa kutumia kiunganishi, nacho kina gramu 125 za kuongeza kwenye hesabu.

La pili, mikono ya kaka si mikono ya dada. Kamera inayomkaa yeye kiganjani huenda dada asiufikie ufyatuo wake bila kulegeza mshiko. Dada atafute mwenzake Mombasa mwenye kamera ya namna ile, aivishe lenzi yake nzito kuliko zote, aishike jichoni dakika tano mfululizo bila kuishusha, kisha amtumie kaka jibu. Na siku ya safari, betri za akiba zisiwekwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa haziruhusiwi humo. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, kila moja ndani ya mfuko wake.