MTAJI WA MAMA NI SOKO LAKE
(Hotuba ya mgeni rasmi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Tanga)



  Mgeni rasmi kwa kawaida huwa mtu mwenye gari na dereva. Mimi nimekuja na bodaboda, na bado mmenipokea kwa vigelegele. Asanteni sana.

Wengi wenu mnanijua tangu nilipokuwa bibi maendeleo wa kata hii, kabla sijastaafu. Kwa hiyo sitasema maneno ya kuwapamba. Risala yenu nimeisikiliza kwa makini. Mmesema sanduku lenu lenye kufuli tatu halijakutwa pungufu hata siku moja kwa miaka yote kumi. Jambo hilo si dogo. Vyombo vikubwa kuliko sanduku hili vimekuja na kubadilika. Benki ya Wanawake Tanzania ilifungua milango mwaka 2009, na sote tulishangilia, lakini mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya TPB. Sanduku lenu bado lipo, na funguo bado ziko kwa akina mama watatu wa nyumba tatu.

Lakini katika risala kuna mahali msomaji alipunguza sauti. Alisema wanachama tisa hawajafika mkutanoni tangu robo mwaka iliyopita, kisha akaruka haraka kwenda kwenye mafanikio. Mimi sikuruka. Nilipofika hapa asubuhi niliuliza chini kwa chini, nikaambiwa, "Mama, wale wana madeni ya nje, wanaona haya." Madeni ya nje ndiyo yale tunayoyaita kausha damu. Leo nataka kuzungumza juu ya hao tisa zaidi kuliko juu ya keki.

Tuifanye hesabu pamoja, maana wakopeshaji hawa wanategemea kwamba mama hatapiga hesabu. Tuseme mama lishe anakopeshwa shilingi 100,000. Papo hapo anakatwa 5,000 ya fomu, anaondoka na 95,000. Anatakiwa kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 135,000. Anajiambia, "Ni elfu arobaini tu." Sasa tazameni vizuri. Marejesho yanaanza kesho yake. Siku ya 15 amekwisha lipa 67,500, kwa hiyo fedha ya mkopo iliyobaki mkononi mwake ni 27,500 tu. Siku ya 22 amekwisha rudisha 99,000, yaani zaidi ya alichopewa. Siku nane zilizobaki anafanya kazi ya mtu mwingine. Na kama faida yake ya wali na maharage ni 6,000 kwa siku, akitoa 4,500 anabaki na 1,500 ya kulisha nyumba. Mvua ikinyesha siku mbili wateja wasije, anakopa kwa kausha damu wa pili ili amlipe wa kwanza. Hapo ndipo godoro na jiko la gesi vinapobebwa mchana kweupe, watoto wakiangalia.

Serikali haijanyamaza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na wale wa daraja la pili, ndio hawa wanaokopesha bila kupokea amana, wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 100,000 hiyo ni 3,500 kwa mwezi. Linganisheni na ile 40,000! Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza pia orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila kibali. Hizi za simu zina ubaya wake wa pekee: zinachukua namba zote za watu wako, na ukichelewa zinamwandikia hadi shemeji na mwalimu wa mtoto kwamba wewe ni tapeli. Kwa hiyo mtu akija na fomu mlangoni, muulizeni leseni. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Sasa kuna swali ambalo kikundi lazima kijiulize. Kwa nini mwanachama mwenye hisa zake humu ndani aende kukopa kule? Riba yenu ni asilimia 5 kwa mwezi, na yenyewe inarudi sandukuni na kugawanwa mwisho wa mwaka. Mwanachama hakimbii riba. Anakimbia ratiba. Ninyi mnakopesha mara moja kwa mwezi, siku ya mkutano, na anatakiwa wadhamini watatu. Mtoto hashikwi na homa kwa kufuata tarehe ya mkutano. Kausha damu anatoa fedha ndani ya saa moja. Hilo tu ndilo wanalotushinda, na hilo tunaweza kulirekebisha. Nitarudi hapo.

Kwanza niwape habari ya mama mmoja wa Ghana, maana mliniomba nizungumzie "wanawake waliofanikiwa." Anaitwa Esther Afua Ocloo, alizaliwa mwaka 1919. Alisoma shule ya Achimota kwa msaada wa masomo, kwao hakukuwa na uwezo. Alipomaliza, shangazi yake alimpa shilingi kumi za wakati ule. Shilingi kumi tu! Akanunua machungwa, sukari na chupa, akapika jamu ya machungwa, akaiuza barabarani. Wenzake waliosoma naye walimcheka, eti msomi mzima anachuuza kama asiyekwenda shule. Hakujali.

Lakini jamani, sikilizeni linalofuata, maana hapa ndipo hadithi hii huwa inasimuliwa haraka haraka. Hakwenda kutafuta mkopo. Alikwenda kutafuta mnunuzi. Shule yake ya zamani ilikubali awe anawapelekea jamu na maji ya machungwa, baadaye akapata na zabuni ya jeshi. Alipokuwa na karatasi ya zabuni mkononi ndipo alipoingia benki kukopa. Mwaka 1942 akaanzisha kiwanda chake, Nkulenu. Kisha mwaka 1949 akasafiri kwenda Uingereza kusomea upishi na namna ya kuhifadhi vyakula visiharibike, akarudi nyumbani kuendelea na kazi. Mnunuzi alitangulia, mkopo ukafuata, elimu ikaja kuikuza kazi ambayo tayari ilikuwa inatembea. Sisi huku tunaanza na mkopo, halafu tukishaupata ndiyo tunaulizana, "Tufanye biashara gani?"

Mama huyo huyo alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chombo cha Women's World Banking kilichoanzishwa mwaka 1979 kusaidia wanawake wasio na dhamana ya nyumba wala shamba wapate mikopo. Alifariki mwaka 2002. Nawauliza, sisi tuliokaa jirani na Muheza tunashindwa nini na machungwa? Kila msimu tunapita barabarani tunaona machungwa yamelundikwa, bei imeanguka, mengine yanaoza, na madukani kwetu tunanunua jamu iliyotoka nje ya nchi.

Na si machungwa peke yake. Tazameni mwani. Kilimo cha mwani kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa miaka waliuza mwani mkavu kwa kilo, bei akipanga mnunuzi. Kisha maji ya bahari yakazidi joto, aina ile yenye bei nzuri ikaanza kufa maji mafupi, ikabaki ile ya bei ya chini. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mambo ya bahari, alishirikiana na akina mama kuanzia mwaka 2006 katika umoja wa wadau wa mwani, na wanawake wa Kidoti wakaanza kusaga mwani na kuutia katika sabuni. Mwani wenyewe ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa mama ana kitu ambacho bei yake anaipanga mwenyewe.

Mtaniuliza, hayo maarifa tunayapata wapi? Yapo karibu kuliko tunavyofikiri. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na ofisi ya mkoa ipo hapa hapa Tanga. Wanafundisha usindikaji, ufungashaji, na hata kupanga bei. Msiende mmoja mmoja, nendeni watano, mgawane nauli na maswali. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, siku hizi kwa njia ya mtandao, mtoto wa kidato cha nne anaweza kuwasaidia. Mambo ya ubora ni TBS, na tangu mwaka 2019 hata usajili wa vyakula umehamia kwao kutoka iliyokuwa TFDA. Akina mama wengi wanaogopa TBS kama polisi. Nendeni kabla hamjaanza kuuza, wawaonyeshe jengo liweje na lebo iandikweje. Mkienda baada ya kukamatwa, mazungumzo huwa mengine.

Halafu kuna ile mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya wenye uhakiki mkali zaidi. Mimi sisikitiki uhakiki kuwa mkali. Kikundi chenye daftari la miaka kumi kitahofia nini? Waliokuwa wakichukua fedha hizi ni wale waliounda kikundi Jumatatu na kukopa Ijumaa. Ila nawaomba msiende kukopa kwa sababu tu haina riba. Deni lisilo na riba nalo ni deni. Tafuteni mnunuzi kwanza, kama yule mama wa Ghana. Shule za bweni, hoteli za barabarani, hospitali, wote hao wananunua vyakula kila wiki.

Nije kwenye kusoma na kuandika, maana najua kuna wanachama wanakaa nyuma kwa sababu hiyo. Huko India, mji wa Ahmedabad, Bibi Ela Bhatt alianzisha chama cha SEWA mwaka 1972, cha wachuuzi, wasukuma mikokoteni na mafundi wa majumbani. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walichanga rupia kumi kumi wakaanzisha benki yao. Wengi hawakujua kusoma. Waliotakiwa kusaini fomu za usajili walikesha usiku kucha wakijifunza kuandika majina yao. Na ili mama asikosewe benki, alipigwa picha akiwa ameshika namba yake. Basi asitokee mtu hapa kusema fulani hafai uongozi kwa kuwa hajui kuandika. Aandikiwe, huku akisikiliza na kuhesabu. Wengi wao wanahesabu kuliko sisi wenye vyeti.

Sasa nirudi kwa wale tisa. Ninayo mapendekezo, nanyi mna haki ya kuyakataa.

Nimesikia mnataka kuvunja kikoba chote mwezi ujao, kila mtu achukue chake, kwa kuwa ni mwaka wa kumi. Nasema wazi kwamba sikubaliani. Gawaneni sehemu nne katika tano, vitenge mvae, mmevitolea jasho. Sehemu ya tano ibaki iwe mfuko wa dharura. Mwanachama akipatwa na ugonjwa au msiba apewe mpaka 50,000 siku hiyo hiyo, bila riba, arejeshe ndani ya mwezi. Waamuzi wawe wanawake watatu, kwa simu, na fedha iende kwa simu. Mfuko huo uandikwe kwenye katiba yenu na muihuishe kule halmashauri, maana sheria ile ya 2018 inavitambua vikundi kama hiki pale vilipojisajili.

Na hao tisa wafuatwe. Wasifuatwe na kamati nzima na daftari mkononi, hapana. Aende mtu mmoja, jioni, yule anayeelewana naye. Amwambie hisa zake zipo na hakuna aliyezigusa. Mwenye karatasi ya mkopeshaji ailete, isomwe, ionekane kama mkopeshaji ana leseni na amelipwa kiasi gani tayari. Mwingine mtakuta alikwishamaliza deni lake zamani, analipa hofu tu. Mwingine mtakuta mumewe ameweka nyumba rehani bila yeye kujua, na huyo apelekwe kwa msaada wa kisheria mapema, kwani tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Mama Mwenyekiti, nimeona pilau inapita na watoto wamechoka kusubiri. Naomba kabla hatujala, Katibu ayasome majina ya wale tisa kwa sauti ya chini hapa meza kuu tu, tugawane nani anakwenda kwa nani. Mimi nipeni wawili. Yule wa Chumbageni namjua nyumba yake, nitapita leo leo nikirudi.