Samaki 153 na Wavu Usiopasuka

Dominika ya Tatu ya Pasaka, Mwaka C
Injili: Yohane 21:1-19



Injili ya leo ingeweza kusomwa ufukoni pale Igombe au Kayenze, na asiwepo mtu wa kuuliza maana ya neno lolote. Watu saba wametoka kuvua usiku kucha, wala hawakupata kitu. Alfajiri wanaukaribia mwalo, macho yamewavimba kwa usingizi, na mtu aliyesimama nchi kavu anawauliza kama wana kitoweo. Kila mvuvi wa Ilemela anaujua uchungu wa swali hilo. Mke nyumbani ataliuliza, mchuuzi mwaloni ataliuliza, na tajiri mwenye mtumbwi ataliuliza kwa sauti kali kupita wote. Wanajibu kwa ufupi kwamba hawana. Kisha wanaelekezwa waushushe wavu upande wa kuume wa chombo, nao unajaa hata wanashindwa kuuvuta.

Mwinjili Yohane anaongeza mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayapita haraka. La kwanza, samaki wale walikuwa wakubwa, nao walihesabiwa: 153. La pili, ingawa walikuwa wengi kiasi hicho, wavu haukupasuka. Walimu wa Kanisa tangu zamani wamejiuliza maana ya hesabu hiyo. Mtakatifu Augustino alionyesha kwamba ukijumlisha moja, mbili, tatu na kuendelea hadi kumi na saba, unapata 153 kamili, na juu ya msingi huo akajenga mafundisho marefu. Mimi leo nataka kubaki na jambo dogo zaidi, la mwaloni. Ili samaki ahesabiwe mmoja mmoja, sharti awe mkubwa. Wadogo hawahesabiwi, huchotwa kwa ndoo. (Sisemi habari za dagaa, ambaye hata akizeeka hubaki dagaa. Nasema habari za mtoto wa sangara na mtoto wa sato.)

Ndugu zangu, katika mialo yetu siku hizi ni samaki wangapi wanaohesabiwa, na wangapi wanaochotwa?

Wazee wetu wa miaka sabini na zaidi wanalikumbuka ziwa jingine kabisa. Walivua furu, samaki wadogo wenye miiba mingi na rangi kama shanga, wakawapasua na kuwaanika juani juu ya majani na miamba, bila kutumia kuni hata kijiti kimoja. Wataalamu waliokuja kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza kuanzia mwaka 1977 walistaajabu. Katika ziwa zima aina za furu zilikisiwa kufikia 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengine walikula majani ya majini, wengine konokono, wengine matope ya chini. Kila mmoja alikuwa na kazi yake katika shamba hilo la Mungu.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na Kenya, akaingizwa sangara kutoka ziwa Albert na ziwa Turkana. Waliomleta waliona kwamba furu ni samaki wa thamani ndogo, wakataka samaki mkubwa atakayewala furu na kuwageuza kuwa mnofu. Hesabu ya mfanyabiashara, wala si hesabu ya mwovu. Kwa miaka ishirini hivi sangara alikaa kimya. Katika miaka ya 1980 akafurika ghafula, na ndani ya muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi, aina zipatazo 200 za furu zikawa hazionekani tena. Baadhi ya furu wamerudi baadaye, ashukuriwe Mungu, lakini wengi hawakurudi. Kiumbe ambacho Mwenyezi Mungu alikiumba mara moja tu, na mahali pamoja tu, hakipo tena.

Tusimlaumu sangara. Yeye alifanya alichoumbwa kukifanya. Aidha tusijifanye kwamba hatukufaidika. Sangara amejenga nyumba Kirumba na Kitangiri, amelipa ada za shule, na mimi mwenyewe nimefundisha katekisimu watoto waliovaa viatu vilivyonunuliwa kwa sangara. Lakini kila kitu kilikuwa na bei yake. Sangara ana mafuta, na jua peke yake halimkaushi kama lilivyomkausha furu. Akahitaji kukaangwa na kubanikwa, na moto ukahitaji kuni. Miti ikakatwa. Mvua ikaukuta udongo hauna wa kuushika, ikaushusha ziwani. Udongo huo, pamoja na uchafu wa mji unaoteremka na mto Mirongo, ukawa mbolea ya gugu maji, ambalo katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba zetu hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Viwanda vya samaki vikaota mjini Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Tamaa ilipozidi, wako waliotia sumu majini ili wavue bila jasho. Mwaka 1999 Ulaya ikalifunga soko lake kwa muda dhidi ya samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu hiyo, na aliyevua kwa haki akaumia sawasawa na aliyevua kwa sumu.

Na sasa sangara mwenyewe anapungua. Viwanda kadhaa vimefungwa, vingine vinafanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa samaki. Mvuvi anakwenda mbali zaidi, anachoma petroli nyingi zaidi, anarudi na wadogo zaidi. Hapo ndipo anaponong'onezwa shauri la kokoro na la nyavu za timba.

Ningependa kukaa kidogo juu ya kokoro, kwa sababu wako wasikilizaji wetu wa mjini wasiolijua. Ni wavu mrefu wenye kamba pande mbili. Hutandazwa kwa mtumbwi, kisha watu, na mara nyingine watoto waliopaswa kuwa darasani, huukokota kutoka nchi kavu. Nao hukwangua chini ya ziwa pale penye maji machache. Hapo penye maji machache ndipo sato dume anapochimba kiota chake mchangani. Na sato jike, akishataga, huyakusanya mayai yake mdomoni, huyaatamia humo, na hata vifaranga vinapototolewa hukimbilia mdomoni mwa mama yao kila vinapoona hatari. Siku hizo zote mama huyo hali chakula kama kawaida yake, kwa sababu mdomo wake umekuwa nyumba ya watoto. Furu jike naye hufanya vivyo hivyo. Kokoro likipita, halichagui. Linamchukua mama na kiota chake, na wale walio mdomoni mwake.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 6 na ya 7. Ni amri fupi sana, ambayo makatekista wengi hawajapata kuifundisha. Mwisraeli akikuta kiota cha ndege njiani, mama ameyalalia mayai au makinda, haruhusiwi kumchukua mama pamoja na watoto. Amwache mama aende zake. Na ahadi inayoambatana na amri hiyo ndogo ni ya kutushangaza: kufanikiwa na kuishi siku nyingi, ahadi ile ile iliyotolewa kwa wanaowaheshimu baba na mama! Mungu hakumkataza mtu mwenye njaa kula. Alimkataza kula leo yake pamoja na kesho yake kwa mkupuo mmoja.

Sheria ya nchi yetu inasema jambo hilo hilo kwa lugha ya vipimo. Makokoro yamepigwa marufuku katika ziwa hili tangu miaka ya 1990, na sangara aliye chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa, kwa kuwa jike wa kimo hicho hajapata bado kutaga hata mara moja. Mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara, nyavu nyingi haramu zikachomwa moto mbele ya wenyewe. Sina ugomvi na sheria hiyo, ni sheria ya haki. Lakini nikiwa mchungaji nililiona pia jambo lililobaki baada ya moshi kutawanyika: deni. Wavu uliteketea, na deni la wavu halikuteketea. Yule kijana aliyekuwa akivuta kamba kwa ujira wa sahani ya ugali alibaki na njaa ile ile, na yule aliyemnunulia wavu alikuwa amelala mjini, mbali na moto.

Kwa hiyo nisieleweke kana kwamba ninawarushia mawe wavuvi maskini. Wananijibu, na wana haki ya kunijibu: "Padre, wewe hulali njaa." Ni kweli, silali njaa. Dhambi hii ina mikono mingi. Iko mikononi mwa anayetoa mtaji wa kokoro akijua. Iko mikononi mwa kiongozi wa mwalo anayefumba macho kwa noti iliyokunjwa. Iko kwa mnunuzi wa mbali anayetaka mnofu na bondo, asiulize vinatoka wapi. Iko pia kwenye sufuria zetu, kwani samaki mchanga huvuliwa kwa sababu anaye mlaji. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliliandikia Kanisa zima, na watu wote wenye mapenzi mema, waraka wa Laudato si', akatukumbusha kwamba kuuharibu uumbaji ni dhambi. Nimekaa katika kiti cha kitubio kwa miaka mingi, na siri ya kitubio hainizuii kutaja kile ambacho sijawahi kukisikia: sijawahi kusikia mtu akiungama kokoro. Watu huungama kwamba wameiba kuku wa jirani. Watoto wa samaki wa ziwa zima, ambao ni kitoweo cha watoto ambao hawajazaliwa bado pale Sangabuye na Bugogwa, hao hawana jirani wa kuwadai.

Mimi mwenyewe sina budi kuungama hadharani. Miaka kadhaa iliyopita niliadhimisha Misa ya shukrani katika kigango kimoja kando ya ziwa. Wakati wa vipaji, katikati ya mihogo na mayai, akina mama walileta beseni la samaki, wakicheza na kupiga vigelegele. Walikuwa sangara wa kiganja, wengi, wabichi kabisa. Nikalipokea beseni, nikalibariki pamoja na vipaji vingine, na baada ya Misa tukakaangiwa. Nilikula, tena nilikula sana. Wakati wa kunawa mikono, mzee mmoja, mvuvi wa zamani asiye na maneno mengi, aliniambia taratibu: "Baba, leo umekula shule ya chekechea nzima."

Watu walicheka, nami nikacheka. Njiani kurudi parokiani sikucheka tena.

Nilirudi kwa mzee huyo baada ya majuma mawili, tukazungumza na katekista na halmashauri ya kigango. Mzee akakata ufito, akaupima kwa futi ya fundi seremala hadi sentimita 50, akauegemeza kwenye mlango wa sakristia. Likatangazwa kwamba samaki wa altare atapimwa kwanza hapo, na kwamba asiyefikia ufito hatapokelewa, awe ameletwa na nani. Nakiri kwamba niliogopa. Wako walionuna. Mmoja alisema kwamba padre sasa amekuwa afisa uvuvi, na mwingine, mwenye makokoro mawili, akahamia kusali kigango cha jirani. Zaka ya mwezi ule ilishuka, nami nikalazimika kumweleza mweka hazina wa parokia sababu yake, jambo ambalo halikuwa jepesi.

Dominika ya kwanza hakuletwa samaki hata mmoja. Yaliletwa maboga na viazi vitamu. Dominika ya pili, viazi vitamu tena, na katekista akaniangalia kwa jicho la kuuliza tutaendelea hivi hadi lini. Dominika ya tatu kijana mmoja, niliyewahi kumwona kwa macho yangu akivuta kamba za kokoro, alikuja wa mwisho katika mstari wa vipaji, amembeba sangara mmoja begani kwa ugwe uliopitishwa kwenye shavu la samaki. Alipofika mlangoni pa sakristia alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Mzee akautwaa ufito, wakamlaza samaki sakafuni, kanisa zima limenyamaza. Mkia ulipita mwisho wa ufito kwa upana wa vidole vinne.